Duara Nyuma ya Sikio la Clémence

Vuuu! Vuuu! Kabla hajafumbua macho, Clémence alisikia mashine ya kukaushia nywele ikinguruma upande wa pili wa pazia. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi mama yake, Gaudiose, hufungua saluni mapema kuliko maduka yote ya mtaani kwao Rosettenville. Familia iliishi nyuma ya saluni hiyo hiyo.

Asubuhi hiyo jicho lake la kulia lilimchoma, kana kwamba lilikuwa limekesha wazi. Aliinuka, akapiga mswaki, akabugia maji ya kusukutua. Maji hayakukaa. Yalichuruzika upande wa kulia wa mdomo, yakalowesha gauni lake.

"Eish, Clémence!" alisema mdogo wake, Régis, aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni. "Acha kuvuta mdomo hivyo, unatisha!"

"Sivuti!" alijibu, lakini neno lilitoka zito, kama la mtu mwenye chakula shavuni.

Akatazama kioo. Nusu ya uso ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa imeporomoka, shavu limelegea, jicho limekodoka. Alijaribu kutabasamu, upande wa kushoto ulitabasamu peke yake. Clémence akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

Mama yake alikuja mbio, chanuo mkononi. Alipomwona, chanuo lilimdondoka. Nyuma yake alisimama Saida, mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Ya Rabi! Da Gaudiose, hicho si kiharusi?"

"Kiharusi kwa mtoto wa miaka kumi na miwili?"

"Basi kuna mtu kamtupia kitu huyu."

"Nyamaza, Saida!" Gaudiose alimshika Clémence mkono. "Kaa hapo na nusu kichwa chako, umwangalie Régis. Mimi nakwenda kliniki."

Kliniki walimkuta Daktari Jelimo, Mkenya mwenye maneno machache. "Kunja paji la uso," alimwambia Clémence. "Fumba macho. Nionyeshe meno." Upande wa kulia haukutii hata amri moja. Mikono na miguu, hata hivyo, ilikuwa na nguvu zake zote.

"Hiki si kiharusi," daktari alisema. "Mshipa wa fahamu wa uso ndio umelala. Nataka kujua nini kimeulaza. Amekuwa akiumwa?"

"Kichwa na uchovu," alijibu Gaudiose. "Wiki iliyopita shingo ilimkaza. Tulidhani ni mafua ya baridi."

"Alisafiri?"

"Likizo ya Julai alikwenda Ubelgiji kwa mama yake mdogo."

Daktari aliinua kichwa. "Huko aliumwa na mdudu? Alitokwa na upele?"

"Hapana, daktari. Mimi ni msusi. Kichwa cha mwanangu nakijua."

Clémence alitazama sakafu. Mama yake alikuwa akiapia asichokijua. Kule Ubelgiji, baada ya kucheza msituni na binamu zake, Clémence alikuta kupe mdogo amejikita nyuma ya sikio. Alimng'oa kwa kucha, akamtupa. Wiki moja baada ya kurudi nyumbani, duara jekundu lilichomoza pale pale, likapanuka kama mdomo wa kikombe. Alijitazama kwa kioo cha saluni. Mapunye!

Alikumbuka siku mama yake alipomfukuza mtoto mmoja mlangoni: "Toka na mapunye yako, utanikimbizia wateja!" Saluni nzima ilicheka. Mtoto wa msusi naye awe na mapunye? Watu wangesema nini? Basi alichukua krimu ya mapunye rafuni, akajipaka kwa siri. Akavaa kofia ya sufu akisingizia baridi, na kila mama yake alipotaka kumsuka, alikuwa na kisingizio. Baada ya wiki tatu duara lilifutika. Akadhani ameshinda.

"Clémence," daktari alisema taratibu, "siwezi kutibu nisichoambiwa."

Uso ule ulikuwa wake, na aliutaka wote. Akasema kila kitu, machozi yakimtoka. Gaudiose alikaa kama aliyepigwa kofi.

Daktari alichora duara kwenye karatasi, na ndani yake doa. "Lilikuwa hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Mama, nadhani huu ni ugonjwa wa Lyme. Huletwa na kupe wa misitu ya Ulaya na Marekani. Kupe wetu wa hapa huleta homa nyingine, na mara nyingi alipouma hubaki kigaga cheusi. Huu wa Lyme ni mjanja, hubadilisha nguo. Kwa mtoto huyu ni duara, kwa yule hakuna duara kabisa, ni homa na uchovu tu. Mwingine huvimba goti, mwingine moyo hudunda ovyo, mwingine uso hulala. Krimu ile haikuponya kitu; duara huondoka lenyewe na ugonjwa hubaki."

"Atapona?" Gaudiose aliuliza kwa shida.

"Watoto wengi hupona vizuri. Dawa inaanza leo, na asiruke hata siku moja."

Damu ilipelekwa maabara, na majibu yalithibitisha neno la daktari. Clémence alimeza vidonge kwa wiki tatu, akatiwa matone ya kulinda jicho. Shuleni wengine walimwita Nusu Uso, naye akawaeleza habari za kupe mpaka wakaanza kujikagua wenyewe. Mwezi Oktoba shavu liliamka.

Siku hiyo Gaudiose alimketisha kwenye kiti cha wateja, saluni imejaa.

"Mwanangu, ulikosea kuficha," alisema mbele ya wote. "Mwili ukitoa ishara, mwambie mtu mzima, hata kama ishara yenyewe inakuaibisha. Aibu haijui kutibu. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kuogopa. Naahidi sitamfukuza wala kumcheka tena mtoto kwa ajili ya ngozi yake. Na wewe je?"

Clémence aligeuka, akamtazama usoni.

"Naahidi, Mama. Nikiona kitu mwilini mwangu, kizuri au kibaya, wewe utakuwa wa kwanza kukijua."