Mstari Uliomtisha Shangazi

Kila jioni, baada ya kutwanga na kupepeta mpunga, Yosefina aliketi mkekani kumsomea shangazi yake Agano Jipya. Ilikuwa Agosti 1956, katika kijiji kidogo njia ya Idete, na kwa kuwa baba yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, nyumba nzima aliyejua kusoma ni yeye tu, binti wa darasa la nne. Basi kichwa kilimvimba kidogo! Mwanzo wala mwisho havikumhusu. Alifungua kitabu popote, akasoma kwa sauti ya mwalimu.

Shangazi alikuwa mkatekumeni. Angebatizwa Jumatano, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na watu walikwisha kuanza kumwita Apolonia, jina alilolichagua mwenyewe. Aliyekuwa mumewe alimrudisha kwao kwa kosa moja tu: hakujaliwa mtoto.

Jumamosi ile kitabu kilifunguka kwenye barua ya Paulo kwa Timoteo. Yosefina akasoma, bila kufikiri, kwamba mwanamke ataokolewa kwa kuzaa.

"Hebu rudia," Shangazi alisema.

Akarudia. Shangazi akainuka, akaingia ndani bila kugusa chakula.

Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu homa ikamshika, akatetemeka hadi kitanda kikalia. Mama yake Yosefina alipompelekea uji, Shangazi aligeuza uso ukutani.

"Niache, wifi. Mume alinifukuza nikavumilia. Sasa na Mungu naye ananifukuza. Dawa ya nini? Ubatizo wa nini?"

Mama alidhani ni homa inayomsemesha. Yosefina, aliyesimama mlangoni, alijua sivyo. Shangazi akifa je? Akifa hajabatizwa, nani atakuwa amemuua? Aliogopa kusema, na kunyamaza aliogopa zaidi. Jumanne asubuhi akapiga moyo konde, akavuka mto, akakimbia hadi misheni ya Ifakara.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina. Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

Sista Eufrasia alikuwa muuguzi, mzaliwa wa bonde hilohilo. Yosefina alimweleza yote huku analia, hakuficha kitu. Sista hakumkaripia. Alichukua mkoba wa dawa, akampakia nyuma ya baiskeli, wakaondoka.

Walimkuta Shangazi bado ameutazama ukuta.

"Apolonia," Sista alisema, "kaka yako yuko kwenye mashamba ya mkonge. Amewahi kuwaandikia barua?"

"Aliandika wakati wa masika," alijibu bila kugeuka. "Alisema mtu yeyote asivuke mto."

"Na huyu binti yake leo amevuka. Amemkosea?"

"Hapana. Alisikia mitumbwi inazama, ndiyo maana akaandika vile. Sasa maji ni ya magotini."

"Haya. Na Paulo naye aliandika barua. Timoteo alikuwa Efeso, na kule walitokea walimu wa uongo waliokataza watu kuoana. Wapo waliochunguza Maandiko wanaosema Paulo alikuwa akiwajibu hao, kwamba ndoa na uzazi havimtengi mwanamke na Mungu. Hakusema asiyezaa amefungiwa mlango. Tena mstari uleule unaendelea kutaja imani na upendo, ila msomaji wetu aliishia njiani."

Yosefina aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi impasukie.

Shangazi akageuka polepole. "Una hakika, Sista?"

"Mimi nina miaka arobaini na miwili. Sijazaa, wala sitazaa. Unaniona nimepotea?"

Shangazi akajiinua kitandani. Kisha akacheka kidogo huku machozi yanamtoka, akanyoosha mkono kupokea vidonge.

"Na wewe, Yosefina," Sista alisema alipofunga mkoba, "kusoma si kutamka tu. Ukikutana na neno gumu katika Maandiko, soma yaliyo mbele yake na nyuma yake, uliza liliandikiwa akina nani, na kwa sababu gani. Usipojua, sema hujui. Umemtisha mtu kwa kusoma kwa haraka, lakini umekuja kusema kweli ingawa uliogopa. Hilo ndilo limemfanya anywe dawa leo."

Jumatano homa ilikuwa haijamwisha, wakambeba kwa machela hadi kanisani. Maji yalipommiminikia kichwani, Shangazi alifumba macho akatabasamu. Yosefina, ambaye tangu Jumamosi hakuwa amepata amani hata kidogo, akaangua kilio katikati ya watu, na wala hakuona aibu.