Nyanchoka Asoma Chupa ya Mjomba

Kule Manga, Nyanchoka alikuwa akichuma majani chai na nyanyake mapema, halafu shule, na jioni kitabu cha Kikorea. Kitabu alitumiwa na mjomba wake Machogu, aliyekuwa kibarua wa shamba la mboga huko Korea. Mjomba akipiga simu, msichana anamsomea ukurasa mzima bila kukwama, hadi Machogu akawa anamsifu kwa wenzake kazini. Kumbe chini ya kila neno Nyanchoka alikuwa ameandika kwa penseli matamshi aliyoyasikia mjomba akimsomea kwa simu mara ya kwanza, kwa herufi zetu hizi za shule. Za Kikorea zenyewe hakuziangalia.

Mwezi wa nane Machogu akarudi, amepasuliwa macho, anaona ukungu tu. Alibeba chupa mbili zinazofanana kama mapacha: moja dawa ya macho, ingine ya sikio lililokuwa likimsumbua. Rafiki yake Mkorea alikuwa ameandika neno moja juu ya kila chupa. Nyanya akauliza watazitofautisha vipi. Machogu akasema yeye ana msomaji nyumbani, hana wasiwasi.

Nyanchoka akashika chupa. Hapakuwa na matamshi ya penseli hapo. Angeweza kubahatisha, na mjomba alikuwa ameshalaza kichwa kwenye kiti, uso juu, anangoja.

"Mjomba, sijui kusoma," akasema. "Nilikuwa nasoma penseli yangu."

Nyanya akaguna kwamba kumbe miezi yote hiyo walikuwa wanasifu hewa. Machogu akainua kichwa kutoka kwenye kiti.

"Basi niambie unachoona," akasema.

"Kijiti kimesimama, kingine kimelala miguuni pake. Chini, mstari umelala, una mguu mmoja katikati. Chini kabisa, kama ile ya kwanza tena."

"Ni herufi tatu zimeshikana, kama majani mawili ya chai na chipukizi lake. Ya kwanza ni n. Ya katikati ni u. Unganisha mwenyewe."

Alijaribu, akakosea, akajaribu tena. "Nun."

"Nun ni jicho. Sasa nielezee na ile ingine, tuhakikishe."

Baada ya dawa, mjomba akamwambia afute penseli kitabu kizima. Kila jioni akasoma, mwanzo akijikwaa kama ndama aliyezaliwa leo. Kufikia Desemba alikuwa anateremka ukurasa bila kusimama, na mjomba, macho yamepona, anafuatisha kwa kidole.

"Mwanangu," akamwambia, "siku ile ungenidanganya ningebaki kipofu. Anayesema hajui, huyo anafundishika. Anayejifanya anajua, hata mwalimu hana pa kuanzia."