Nyuma ya Maji

Mama alitoka kwenye maporomoko ya maji akitembea, na nywele zake zilikuwa kavu.

Mwanawe wa kiume, meneja wa kituo cha tiba ya maji kilichojengwa hapo kando, hakuona nywele. Aliona miguu. Tangu kiharusi kimpige, mama yake hakuwahi kusimama bila mkongojo. Sasa alipanda ngazi za mawe akitabasamu, wageni wenye mataulo mabegani wakimpigia makofi kama bibi harusi.

"Mpigeni picha!" meneja alipaza sauti. "Iende kwenye matangazo leo leo!"

Dada yake, mkandaji wa pale kituoni, ndiye aliyemlaza mama ampake mafuta. Mgongo ulikuwa baridi kama sakafu. Alipokandamiza mbavu, akasikia ndani yake maji yakianguka, kwa mbali.

Nyumbani mambo yakazidi. Chumba cha mama kikanuka mawe mabichi. Chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Asubuhi moja, akideki ukumbini, dada akasikia ule mvumo wa maporomoko, akasukuma mlango, na chini ya mvumo ikaja sauti nyembamba, ya mama, ikimwita kwa jina lake la utotoni, Chiriku, Chiriku, huku mama mwenyewe amekaa kitandani mbele yake, midomo imefungwa, anamtazama tu bila kupepesa, na maji yanachuruzika kutoka uvunguni kuelekea miguuni pake.

"Kaka, yule si mama," alinong'ona kwenye simu.

"Hebu nyamaza! Anatembea. Unataka nini tena?"

"Namtaka mama. Hata asipotembea."

Dada akamleta mganga, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Mganga akafukiza ubani, akasoma, akaamuru kilichomwingia mama kitoke. Kilichomo kikacheka.

"Mimi sikubisha hodi kwenu. Nyinyi ndio mlioingia kwangu, tena na mataulo."

Mganga alisoma mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mama akaanguka, maji yakamtoka puani na mdomoni, miguu ikalegea kama zamani. Lakini mwili ulikuwa na joto. Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni, akalia kama mtoto.

"Chiriku," mama alisema, meno yakigongana. "Kule nyuma ya maji kuna baridi, mwanangu. Na tumebanana."

"Mmebanana na nani, mama?"

"Wageni wenu. Wote mliowaaga wamepona. Wanauliza ni nani aliyerudi kwa watoto wao."