Pai ya Jiko Moja

Kudra ni fundi cherehani pale Maili Moja. Anashona sare za shule. Akimpima mtoto wa mtu, anajua mara moja kama amenenepa au amekonda. Kwa mtoto wake mwenyewe alichelewa kujua. Jumapili moja alimvalisha Tunu sketi aliyomshonea shule zilipofunguliwa. Sketi ikateleza mpaka magotini.

"Mama, sketi imekuwa kubwa!" Tunu alisema huku akicheka.

Kudra hakucheka. Sketi haikui. Alichukua sindano akaibana kiunoni, na moyo ulikuwa unamuuma.

Sababu aliijua. Tunu ana miaka saba, na karibu kila siku analala kabla chakula hakijaiva. Kudra anafika nyumbani Tumbi jua likiwa linazama. Ana jiko moja tu la mkaa. Kwanza achemshe maharage, kisha ayaunge kwa nazi. Halafu apike mchicha. Mwisho asonge ugali. Masufuria yanangoja zamu kama ndoo kwenye bomba la maji.

Mumewe, Hamza, ni seremala. Anatoka alfajiri mtoto akiwa amelala. Jioni anaswali Magharibi msikitini, kisha anakaa barazani na wenzake mpaka Isha. Awahi nyumbani kufanya nini, na jikoni bado kuna moshi tu? Akirudi, sinia linatengwa, maana kwao watu wanakula pamoja. Tunu anaamshwa. Anamega tonge la kwanza. La pili linamshinda, anasinzia mkono ukiwa kwenye sinia.

Mimi simlaumu mtu hapo. Wote walikuwa wanachoka kihalali. Lakini mtoto alikuwa anakonda.

Kudra alikwenda kwa jirani yake, Adventina, ambaye mtaani wanamwita Mama Anselmi. Mama huyu anafundisha mapishi katika kikundi cha akina mama.

"Mama Anselmi, nifanyeje? Jioni nikimpa andazi limshikilie, chakula hagusi kabisa."

"Andazi peke yake halitoshi. Anahitaji maharage, mboga za majani, na yai ukilipata. Umewahi kupika pai?"

"Pai? Zile za kwenye kabati la vioo? Si zinataka oveni?"

"Zinataka moto, shoga yangu. Sikiliza. Vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo, nusu kikombe cha mafuta. Changanya kwa vidole. Tia maji baridi kidogo kidogo, robo kikombe hivi, mpaka unga ushikane. Usiukande kama wa chapati, utakuwa mgumu. Ugawe mafungu mawili, kubwa na dogo; fungu kubwa unalitandika ndani ya sufuria uliyoipaka mafuta, lipande na pembeni. Unajaza maharage yaliyokwisha kuchemshwa na mboga. Fungu dogo unafunikia juu."

"Halafu?"

"Halafu sufuria ni moja, jiko ni moja, na hakuna cha kukoroga. Pai ikiwa motoni, wewe unamwogesha mtoto na kuswali."

Kudra alirudi amefurahi. Kesho yake akajaribu. Lakini nyumbani alikuwepo mama mkwe, Bibi Sikudhani, aliyekuja kutoka Kisarawe kutibiwa goti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anatazama.

"Ndiyo chakula hicho?" aliuliza. "Mwanangu ashinde na randa mchana kutwa, aje apewe kitafunwa? Na mchuzi uko wapi?"

Kudra aliogopa. Hakutaka Kisarawe nzima isikie kwamba mke wa Hamza ni mvivu wa kupika. Basi akachota maharage yakiwa na tui lake lote, mchuzi tele, akayamimina ndani ya unga yakiwa bado ya moto. Akajaza mkaa kwenye jiko ili pai iive haraka. Mtu akipika kwa kuogopa macho ya watu, chakula kinajua.

Pai iliungua chini. Katikati ikawa uji. Juu unga ulibaki mweupe, mbichi. Hamza alikula pembeni pembeni. Tunu alikuwa ameshalala, na safari hii hapakuwa na la kumwamshia. Kudra alisugua sufuria huku machozi yanamtoka.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko yake, na Mama Anselmi akapita kuuliza habari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzio jana katulisha mkaa."

Mama Anselmi alicheka kidogo, kisha akamgeukia Kudra. "Uliweka mchuzi ndani?"

"Niliweka. Bila mchuzi wataniambia si chakula."

"Nazi si mbaya. Ila ichemke mpaka ikauke, maharage yabaki mazito. Tia kitunguu, karoti na mchicha uliokatwa. Acha yapoe kidogo ndipo ujaze, maana yakiwa ya moto yanalainisha unga kabla haujaiva. Yai moja lililopigwa litayashikanisha. Na siku ukipata nyama, iive kabisa kwanza. Moto wa pai ni wa kuivisha unga, nyama mbichi hauiwezi."

"Na moto wenyewe? Nilijaza jiko."

Kabla Mama Anselmi hajajibu, sauti ilitoka kwenye mkeka.

"Kwani wewe hujui kupalia?" Bibi Sikudhani aliuliza. "Wali unaupalia vipi? Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina ndiyo hivyo hivyo."

"Bibi umeniwahi," Mama Anselmi alisema. "Ndivyo hasa. Na mchuzi wako, bibi, tutauweka kwenye bakuli. Anayetaka achovye."

Bibi alisugua goti lake. Kisha akasema taratibu, "Kudra, kinachouma ni goti. Mikono yangu mizima. Tangu nije hapa nimekalishwa kama mgeni, mtu haniombi hata kuchambua mchicha."

Kudra aliona aibu na huruma kwa pamoja. Alidhani anampumzisha mama mkwe, kumbe alikuwa anampa upweke.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kesho maharage ni yako."

Kesho yake, mchana, Bibi alichemsha maharage yakaiva vizuri. Akayaunga yakakauka, akakata mchicha, akaparuza karoti. Kudra aliporudi alinawa mikono, akachanganya unga, akatandika, akajaza, akafunika. Bibi akapalia moto mwenyewe kwa koleo, amekaa kwenye kibao. Kudra alimwogesha Tunu, akaswali Magharibi. Alipofunua sufuria, pai ilikuwa ya rangi ya asali, imekauka juu, na harufu ya kitunguu imejaa uani.

Tangu hapo pai inapikwa katika nyumba ile mara kwa mara. Siku za ugali, Bibi huanza mboga mapema. Tunu ameurudisha mwili wake, na darasani hasinzii. Hayo yote ni mazuri, lakini mimi sisahau jioni ile ya kwanza.

Hamza alikuwa ameambiwa asipite barazani, aje moja kwa moja. Walikula pamoja, sinia moja, bakuli la mchuzi katikati. Bibi alichovya, akatafuna, akasema, "Hiki ni chakula." Tunu alikula kipande, akaomba kingine, akakimaliza. Isha ilikuwa bado. Mtoto hakuwa na usingizi wala njaa, na hakujua afanye nini na muda wote huo. Akaokota mfuko mtupu wa unga, akaenda kukaa ubavuni mwa baba yake.

"U-nga wa nga-no," alisoma, kidole kikifuata maneno. "Hi-fa-dhi ma-ha-li pa-ka-vu."

Hamza aliweka chini kikombe chake cha maji. Alimtazama mkewe, kisha mtoto.

"Tunu, umejua kusoma tangu lini?"

"Zamani, baba," Tunu alisema. "Ila ulikuwa ukirudi unanikuta nimelala."

Hamza alimvuta mtoto karibu, akaunyoosha ule mfuko juu ya goti lake ili maneno yaonekane vizuri.

"Nisomee tena," alisema.