Usimtapishe Naeema

"Mshike kichwa, Mariamu! Mshike nimnyweshe!"

"Ngoja kwanza, Mama."

"Ningoje nini? Ningoje afe?"

Mama Bakari alikuwa ameshika kikombe cha maji ya chumvi. Chumvi ilikuwa nyingi hata haikuyeyuka yote. Alitaka kumtapisha mjukuu wake Naeema, mtoto wa miaka mitatu. Mariamu, mama ya Naeema, alimkumbatia mtoto na kumgeuza aelekee ukutani. Mate yalimtiririka mtoto kidevuni. Midomo yake ilikuwa imevimba.

Mariamu hutengeneza sabuni ya kipande hapa mtaani Obunga, yeye na kikundi cha akina mama wenzake. Sabuni hiyo haishiki bila kostiki. Kostiki ni kemikali nyeupe inayounguza. Ukiitia kwenye maji, maji hupata moto yenyewe, na lazima yaachwe yapoe. Yanayobaki, akina mama huyamimina kwenye chupa ya soda na kuiweka pembeni. Wote hufanya hivyo. Na mtoto wa miaka mitatu akiona chupa ya soda, anaona soda.

Bakari, baba ya mtoto, aliingia mbio na kopo la kostiki.

"Kuna maandishi hapa nyuma! Lakini ni Kiingereza."

"Soma basi!"

Bakari alisoma, kidole kikifuata maneno. "If swallowed, do not induce vomiting." "Swallowed ni kumeza. Vomiting ni kutapika. Hizo najua."

"Si nilisema!" Mama yake aliinua kikombe. "Hata kopo linataka atapike."

"Lakini kuna 'do not', Mama. 'Do not' ni usifanye."

"Usifanye nini?"

Bakari alilitazama lile neno la katikati. "Induce. Hii induce ndiyo sijui."

"Basi ni usizuie. Usizuie kutapika. Sumu si lazima itoke?"

"Inaweza kuwa hivyo. Ama iwe kinyume."

"Ama, ama! Ulikaa shule miaka yote hiyo, neno moja limekushinda! Mlete mtoto."

Mariamu hakumtoa. "Hilo neno nimewahi kulisikia," alisema. "Nililisikia hospitalini nikiwa na mimba ya Naeema. Bakari, muite Sista Nasike!"

Nasike ni jirani yao, muuguzi wa wodi ya akina mama wajawazito. Alikuwa akifua nguo nyuma ya ua wa mabati. Alifika povu likiwa bado mikononi.

"Amekunywa nini?"

"Kostiki," Mariamu alisema. "Sijui ni kiasi gani."

"Mmempa nini?"

"Bado. Mama anataka kumpa chumvi atapike."

"Weka hicho kikombe chini, Mama."

"Nimelea watoto saba, Nasike. Usinifundishe."

"Najua, Mama. Weka chini."

Bakari alimsogezea kopo. "Sista, induce ni nini?"

Nasike alinawa, kisha akalisoma kopo huku akimfuta mtoto mdomo kwa kitambaa chenye maji safi.

"Mariamu, unakumbuka ulivyopitisha tarehe, uchungu ukakataa kuja? Daktari alisema nini?"

"Alisema wata-induce. Wakaniwekea dripu."

"Uchungu ukaja?"

"Ulikuja. Haukuja wenyewe. Wao ndio waliuleta."

"Hiyo ndiyo induce. Ni kusababisha kitu kije, wakati hakijaja chenyewe. Kopo linasema msisababishe kutapika. Yaani msimtapishe. Si kwa chumvi, si kwa kidole, si kwa kumjaza maziwa."

"Na sumu ibaki ndani?" Sauti ya bibi ilikuwa imeshuka.

"Mama, hii inaunguza kila inapopita. Imepita kooni mara moja. Ukimtapisha, itarudi njia hiyo hiyo na kumuunguza mara ya pili. Inaweza hata kuingia kwenye mapafu."

Bibi alikitazama kikombe. Akatoka mlangoni akamwaga maji yote.

"Bakari, tuktuk yako iko na mafuta?" Nasike aliuliza.

"Iko."

"Twende hospitali sasa hivi. Bebeni kopo. Daktari lazima aone alichokunywa."

Tuktuk haijafika hata mtaa wa Kondele, Naeema alijikunja akatapika.

"Ya Rabi! Si umesema asitapike?" bibi alilia.

"Nimesema tusisababishe. Hii imekuja yenyewe. Hiyo si induce." Nasike alimwinamisha mtoto mbele asipaliwe. "Bakari, ongeza mwendo."

Daktari alilisoma kopo, kisha akauliza, "Mlimtapisha?"

"Hapana!" Aliyejibu kwanza alikuwa bibi.

Wakamchukua mtoto ndani. Mariamu alikaa kwenye benchi akiutazama ule mlango. Kila ulipofunguka, alisimama. Kila alipotoka mtu mwingine, alikaa.

Mwishowe daktari alitoka.

"Midomo na ulimi vimeungua. Koo limeungua juu juu tu. Tutamlaza tumwangalie, lakini atapona. Mngemtapisha, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Mariamu hakulia. Aliomba simu ya Bakari akampigia Nelima, mwenzake wa kikundi cha sabuni.

"Nelima, kostiki yako iliyobaki iko wapi?"

"Mariamu! Naeema ako aje?"

"Ataishi. Nimekuuliza kostiki."

"Iko kwa chupa, kama kawaida. Chini ya meza."

"Na watoto wako wapi?"

"Wanacheza hapa hapa ndani."

"Inuka," Mariamu alisema. "Sikati simu. Ifungie stoo, utie kufuli. Kesho tunatafuta mitungi ya kemikali yenye alama, kila mmoja wake. Mambo ya chupa ya soda yameisha kwa kikundi chetu."

"Kesho nita..."

"Sasa, Nelima."

Kwenye simu kilisikika kiti kikivutwa. Mlango ukagonga. Kufuli ikalia.

"Nimefunga."

"Ivute uone kama imeshika."

"Imeshika, Mariamu."

"Haya. Sasa nampigia mwenzetu Nasambu, naye afungie yake."