Umefikaje Hapo?

Nyumbani walimwita Profesa. Alikuwa chuo kikuu, akisomea ualimu wa hisabati wa sekondari. Kwake hesabu zilikuwa mteremko. Jioni alimfundisha mdogo wake, kitindamimba wa mama yao. Mdogo mtu akikosea, Profesa alifuta jibu haraka na kuandika lake.

"Umeona? Rahisi tu!"

"Nimeona, dada."

Wapi! Hakuwa ameona kitu. Alifeli mtihani, akaacha shule. Sasa alifua na kupiga pasi nguo za watu. Nyumba ikakosa furaha.

Muhula uliofuata, Profesa alipelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mlezi, mama wa makamo, alikaa nyuma ya darasa akimtazama. Msichana mmoja aliandika ubaoni: 1/2 + 1/3 = 2/5. Wenzake wakaangua kicheko. Profesa akashika dasta.

"Ngoja, mwanangu," alisema mwalimu mlezi. "Usifute. Mwulize amefikaje hapo."

Profesa akauliza.

"Nimejumlisha za juu, kisha za chini," msichana alijibu kwa woga.

Kumbe mtoto alikuwa amefikiri! Profesa akachora mkate.

"Una nusu. Nimekuongezea theluthi. Je, mbili ya tano inafika nusu?"

Msichana akatazama. "Haifiki. Mwalimu, nimepunjwa!"

Darasa lilicheka tena, safari hii pamoja naye. Wakaugawa mkate vipande sita vilivyo sawa. Nusu ilikuwa vitatu, theluthi viwili. Jibu likawa 5/6.

"Kujua hesabu hakutoshi," mwalimu mlezi alimwambia baadaye. "Kazi yetu ni kujua mtoto amekwama wapi. Kosa lake ndilo linalokuonyesha."

Profesa alirudi nyumbani moyo ukimuuma. Mdogo wake alikuwa anapiga pasi.

"Zile hesabu za sehemu, ulikuwa unafikaje kwenye jibu?"

Mdogo wake alieleza. Alijumlisha za juu, kisha za chini.

"Mbona hukuniuliza wakati ule, dada?"

Profesa akalia. "Nisamehe, mdogo wangu. Rudi shule, tuanze upya."

"Nimechoka kuonekana mjinga. Waulize hao wa darasani kwako."

Profesa aliwauliza, kila siku. Waliokuwa wakijificha nyuma wakaanza kunyoosha mikono. Nyumbani, mdogo wake hakubadili nia. Kila asubuhi aliwasha pasi mapema, na blauzi ya kwanza kuinyoosha ilikuwa ya dada yake, ya kwendea darasani.