Soli za Karatasi ya Manjano

Gundi aliyoipika Ruilian alfajiri ilikuwa imeoza kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa gundi ya unga wa ngano, ileile aliyoipika kila siku kwa miaka tisa, ya kubandikia matambara na karatasi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ipatikane soli ya kiatu. Siku hiyo ilikuwa nyeusi. Ilivutika kama kamasi, na juu yake yalielea magamba mawili ya samaki.

"Umepikia sufuria ya samaki," mama mkwe wake alisema, ameziba pua. "Uvivu wako sasa una harufu."

"Niliisugua mwenyewe, Mama."

"Basi samaki kajileta."

Ruilian akaimwaga, akapika nyingine. Nayo ikaoza. Siku ya tatu harufu ilikuwa imehamia kwenye mito ya kulalia, kwenye wali, kwenye maji ya kunywa: harufu ya tope la bandarini wakati maji yamekupwa na vitu vilivyokufa vimebaki juani.

Siku ya nne alikuja Gao, muuza nyama ya nguruwe, kupimwa jozi nyingine. Viatu alivyovaa pia vilikuwa vya mkono wa Ruilian, vimeganda damu na mavi ya zizini.

"Viatu vyako vizuri kuliko mke wangu," alisema, akikaa na kunyoosha miguu. "Navikanyaga kutwa, havinijibu."

"Nitamwambia mkeo," Ruilian alisema, uzi mdomoni.

"Mwambie. Anajua tayari."

Gao akacheka, kisha kicheko kikakatika. Kuna kitu kilikuwa kimemshika kifundo cha mguu. Aliinama. Aqin, binti wa Ruilian, mtoto wa miaka sita, alikuwa amepiga magoti sakafuni akilamba soli ya kiatu chake. Alilamba polepole, kwa utulivu, kama paka anayemsafisha mtoto wake, na kila ulimi ulipopita ulirudi na kipande cha uchafu, na kila kipande alikimeza.

"Ruilian," Gao alisema kwa sauti ndogo. "Hebu mtoe mwanao."

Ruilian alimvuta. Mtoto hakulia. Alifungua kinywa tu, na ulimi ulikuwa mweusi mpaka kwenye mzizi.

Kesho yake adhuhuri, mama mkwe alijilaza kidogo bila kuvua viatu. Alizinduka akihisi unyevu wa uvuguvugu unyayoni. Aqin alikuwa pale, mashavu yamebonyea kwa kufyonza. Ulimi wake ulikuwa umeshatoboa tabaka tano za kitambaa.

"Kamwite Nie," bibi alisema. Hakumtukana mtu. Hilo ndilo lililomtisha Ruilian kuliko yote.

Nie alikuwa kinyozi wa sokoni, na kwa mambo ya namna hii alikuwa mganga. Aliketi, akamshika Aqin kidevu, akanusa kinywa chake, kisha akageuza uso upesi. Kwenye kona ya midomo ya mtoto kidudu cha baharini, cheupe, chenye miguu mingi, kilitoka, kikazunguka, kikarudi ndani.

"Ni jini la maji," Nie alinong'ona. "Lakini lilikuwa mtu. Niambieni ukweli, dada zangu. Humu ndani kuna karatasi yenye maandishi iliyokanyagwa?"

Hakuna mtu wa mji ule, hata mlevi, hata mwendawazimu, aliyekanyaga karatasi yenye maandishi. Iliokotwa kwa koleo za mianzi, ikawekwa kikapuni, ikachomwa kwenye tanuri la hekaluni, na majivu yakapelekwa baharini. Ruilian alilijua hilo kabla ya kujua kutembea. Lakini mvua zilikuwa zimenyesha wiki mbili, matambara hayakauki, viatu vinangojwa. Siku moja alipita hekaluni, akakuta kikapu kimejaa na mlinzi hayupo.

"Nilichukua," alisema. "Sijui kusoma, Bwana Nie. Niligeuza wino upande wa ndani, juu na chini nikaweka kitambaa. Nikadhani hivyo nimeyaheshimu."

"Ulidhani," mama mkwe alisema.

"Kulikuwa na ya manjano?" Nie aliuliza.

"Moja. Ilikuwa imeungua pembeni."

Nie alifumba macho. Mtu akizama na maiti isipatikane, jamaa zake huandika jina lake kwenye karatasi ya manjano, humwita ufukweni, kisha huichoma ili jina limtangulie na yeye alifuate mpaka nyumbani. Hii aliyoichukua Ruilian, mvua ilikuwa imeizima kabla haijateketea. Mlinzi aliiweka kikapuni ingoje jua, na aliyezama bado alikuwa analitafuta jina lake.

"Uliifanya nini?"

"Niliikata vitatu."

Kiatu cha Gao kikaletwa, wakazifumua soli mbili pale pale, ya Gao na ya bibi, kwa kisu cha viatu. Ndani yake hamkuwa na gundi tena bali ute mweusi, na ndani ya ute vipande viwili vya manjano, vimekauka kana kwamba vimetoka kiwandani leo.

"Fang," Nie alisoma. "Zhao. Na herufi ya tatu?"

Ruilian alitazama mikono yake. "Viatu vya Baba."

Baba mkwe walikuwa wamemzika siku thelathini nyuma. Kila kidole cha Ruilian kilikuwa kimechomwa sindano kwa ajili ya viatu vile vya kuzikiwa.

"Humfukui mume wangu kwa ajili ya karatasi," bibi alisema. "Matanga hayajaisha. Nitamwangaliaje usoni nikifika huko aliko?"

"Mama, na mwanangu je?"

"Nimesema."

Walipogeuka, Aqin hakuwepo.

Walimkuta kilimani, jua la mchana likiwaka, amelala kifudifudi juu ya kaburi la babu yake, amechimba mpaka kucha mbili zimeng'oka, kinywa kimejaa udongo anaoutafuna, na bado anaumeza, na tumbo lake limetuna na kukaza kama tumbo la mbwa aliyekufa mtoni. Bibi akamnyang'anya Nie jembe alilokuja nalo, akalipiga pigo la kwanza yeye mwenyewe.

Kifuniko cha jeneza kilipoinuliwa harufu ilipanda nzito, tamu, ikawaingia kinywani kama mafuta, na Nie akatapika kando, na Ruilian alitazama ndani akijua kwamba baba mkwe wake walimlaza chali, amenyooka, mikono ubavuni, kwa kuwa yeye mwenyewe alimnyoosha, na sasa mzee yule alikuwa amejikunja kama kijusi, ngozi ya mgongo imepasuka kwa kujikunja huko na mabuu yamejaa kwenye ufa, mguu wake wa kushoto umevutwa mpaka usoni, kiatu kimeliwa nusu, na kinywa kisicho na midomo tena kimeuzunguka unyayo na kuufyonza, kikifyonza bado, taratibu, kwa sauti ndogo ya majimaji.

"Ameshaitoa," Nie alisema, akijifuta. "Imo kinywani. Akiimeza, jina halitaungana tena, na huyu mtoto atalamba mpaka afe."

"Ingiza mkono wako, basi," bibi alisema.

"Si mimi niliyeikata."

Ruilian alishuka. Alikunja mkono wa nguo, akausukuma mguu kando, akaingiza vidole kati ya meno. Ulimi ulivizunguka, baridi, laini, ukavionja kimoja kimoja. Alisukuma mpaka kifundo cha mkono kikapita, akahisi karatasi kooni, ngumu na kavu katikati ya uozo wote ule, akaivuta.

Waliviunganisha vipande vitatu juu ya jiwe. Nie alilisoma jina lote kwa sauti, Fang Zhaohai, Fang Zhaohai, njoo nyumbani, akaichoma karatasi. Iliwaka kwa mwali mmoja. Maji yalipoanza kupwa walimwaga majivu baharini, na Aqin akainama hapo hapo, akatapika udongo, gundi, nywele, vidudu vyeupe vilivyokimbilia kwenye povu, mpaka yakatoka maji matupu. Kisha akasema ana kiu, kwa sauti yake mwenyewe, ulimi mwekundu.

Gundi ya Ruilian haiozi tena. Aqin amenenepa, anacheka, anapokea chakula kwa bibi, kwa jirani, hata kwa Gao. Lakini Ruilian akimnyooshea kijiko kwa mkono wa kulia, mkono aliousugua kwa majivu, kwa siki, kwa mchanga mpaka ukatoka damu, mtoto hunusa, huziba mdomo, na kurudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta.

"Si huo, Mama," husema kwa upole. "Nipe kwa ule mwingine."